Cheti Kilichotundikwa Langoni

Stendi ya mabasi,
Alhamisi, saa nane mchana

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mdogo wako. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na Wifi na watoto wote, na kwamba goti la Mama limetulia tangu baridi ipungue. Kama bado linamsumbua, mwambie ile dawa ya kuchua niliyomtumia si pambo la kabatini, ni ya kupakwa. Namjua, atakuwa ameificha asije akaimaliza. Mimi kiafya sijambo, ingawa usingizi umenikimbia tangu Jumatatu. Nikisema hali yangu ni njema nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na leo sitaki uongo.

Najua utashangaa kupata barua ya mkono wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Lakini ni wewe uliyeitaka. Nilipokupigia Jumanne nikakuomba ulifunge daraja, ulicheka kwanza, ukaniuliza nimeota nini. Kisha ukanikumbusha, kwa ile sauti yako ya mkubwa wa nyumba, kwamba wewe ni mkuu wa kituo tu, si mwenye daraja. Kwamba cheti cha usalama kimetundikwa langoni kwenye fremu na kina muhuri wa makao makuu. Na kwamba huwezi kumrudisha mgeni rasmi alikotoka eti kwa sababu dada yako amepiga simu. Ukasema nikupe maandishi. Sikuudhika, ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Basi haya ndiyo maandishi. Ningekutumia picha za karatasi kwa simu, ila hiyo simu yako ya tochi inajua kupiga, kupokea na kumulika njia, basi.

Nakuomba uisome yote, ukiwa umekaa. Usiishie katikati ukainuka kwenda kuamua jambo.

Wewe unalijua shirika letu la utalii kutokea langoni, pale mgeni anaposhuka garini akiuliza choo kiko wapi. Mimi nalijua kutokea ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho kushoto, ambako kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kugawa watu. Ukutani kwetu kuna ramani ya nchi nzima yenye mikoa kumi na minne, na kila mtumishi ni pini: nyekundu wakuu wa vituo, kijani waongozaji, bluu madereva. Mtu akihamishwa, nachomoa hapa nachomeka pale. Wenzangu hunitania kwamba nawachoma watu bila wao kujua. Zamani nilikuwa nikicheka.

Mgawanyo wenyewe unafuata idadi ya wageni. Fedha zetu zinatokana na tozo ya kitanda, yaani kila mgeni anayelala hotelini anatuachia kitu kidogo, kwa hiyo mkoa wenye hoteli nyingi huleta zaidi, unaoleta zaidi hudai zaidi, na mwenye nacho huongezewa. Mikoa miwili mikubwa ina waongozaji mpaka wanakanyagana. Sisi wengine tunagombea makombo. Mwaka juzi tulimgawa dereva mmoja kwa mikoa miwili, nusu huku nusu kule, na yeye mwenyewe, mtu wa mzaha, akaanza kujiita Nusu. Akipigiwa simu na mkoa huu anasema yuko kule, akipigiwa na ule anasema yuko huku, na kumbe siku nyingi alikuwa kwake amejilaza. Tulicheka hadi machozi. Haikunijia akilini wakati ule kwamba ofisi yetu nzima inaendeshwa hivyo, kila upande ukiamini mtu yupo kwa sababu karatasi inasema yupo.

Kuna kanuni mbili ambazo wewe hukuwahi kuambiwa, maana wakuu wa vituo huwa hawaambiwi. Ya kwanza, nafasi ya kazi ikikaa wazi mwaka mmoja inarudishwa kapuni na kugawiwa upya, na kwenye kapu hilo wakubwa ndio wa kwanza kutia mkono. Ya pili, kituo kikishuka chini ya watumishi watano kinafungwa na kuunganishwa na cha mkoa wa jirani. Kituo chako kina watano kamili. Kuna wewe, kuna binti yako na mwongozaji mwenzake, kuna mlinzi wa lango, na wa tano ni Mzee Nyundo.

Najua hapo umekunja uso, kwa sababu Mzee Nyundo hujamwona huu mwaka wa tatu. Alikuwa mkaguzi pekee wa madaraja na ngazi na njia za wageni katika shirika zima, na aliandikwa kituoni kwako kwa kuwa daraja lako la kamba ndilo refu kuliko yote. Unakumbuka alivyokuwa akiinama na kile kinyundo chake, anagonga kamba za chuma, anasikiliza, anasogea hatua mbili, anagonga tena. Ulikuwa ukisema anabisha hodi kama mtu aliyefika kwa mkwe. Alipoacha kuonekana, cheti kiliendelea kuja kila mwaka kwa posta, na wewe ukaona ni sawa. Uliniambia wewe mwenyewe kwamba lazima huja siku zako za mapumziko. Mlinzi naye anaamini huingilia upande wa ng'ambo. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza.

Sasa sikiliza jinsi neema ilivyotufikia. Miaka yote nimekuwa nikipiga kelele kwenye kikao cha mgawanyo kwamba mikoa midogo haipewi kitu, mpaka nikaitwa mwimbaji wa wimbo mmoja. Mwaka huu wakaamua kunisikia. Mkurugenzi alisimama akatangaza kwamba sherehe ya mgeni wa laki moja itafanyika mkoani kwetu, darajani kwetu, Jumamosi hii saa nne asubuhi, ili wananchi waone kwamba fungu linamfikia kila mtu. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniwasha. Jirani yangu wa mezani, Bibi Mihuri, ambaye kazi yake ni kugonga mihuri na kutunza funguo za makabati, alinipongeza kana kwamba nimejifungua.

Mchoro wa sherehe uliletwa mezani kwangu Jumatatu, nipange watumishi watakaotumwa. Wanafunzi mia mbili kutoka shule saba watavaa fulana za njano na nyeupe. Watapangwa mistari miwili darajani kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa ishara ya filimbi wataruka pamoja mara tatu huku picha ikipigwa kutoka angani. Picha hiyo itakuwa kwenye kalenda ya shirika. Kwenye mchoro kila mtoto ni kiduara, na vimechorwa vimebanana. Kati ya mistari hiyo, katikati ya daraja, kuna duara moja kubwa kidogo limeandikwa mwongozaji. Huyo ni kifungua mimba wako.

Nilikaa naliangalia lile duara, na maneno yako ya mwezi uliopita yakaanza kunirudia moja moja. Uliniambia mbao za upande wa ng'ambo zimelala kushoto kwa kiasi cha kiganja, na kwamba umepiga kabari chini yake wageni wasijikwae. Uliniambia kukicha daraja linalia, na kwamba sasa unao wazee wawili wanaolalamika asubuhi, Mama na hilo. Binti yako naye alinyakua simu akanieleza jambo la kuchekesha, kwamba akisimama katikati na chupa yake ya maji, maji yanakaa upande. Mlicheka. Na mimi nilicheka, Kaka.

Jumanne asubuhi sikwenda kazini. Nilimtafuta Mzee Nyundo hadi nikapata kwake, vyumba viwili pembeni ya mji, uani kumefungwa waya kutoka mlangoni hadi bafuni. Sikuelewa ule waya ni wa nini hadi nilipomwona akitoka akiushika. Mzee ni kipofu. Presha ya macho ilimpata mwaka uleule alioacha kuja kwako, kwanza jicho moja, halafu la pili. Aliitambua sauti yangu kabla mkewe hajanitaja. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akalishukuru shirika kwa kutomtupa, kwamba mshahara haujakatika hata mwezi mmoja, akamwambia mkewe asikie, bado wapo watu wenye utu pale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akauliza nimeletwa na nini. Nikamweleza kuhusu sherehe na watoto na daraja. Akauliza daraja gani. Nikalitaja. Akasema hilo lilifungwa. Akarudia polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto, kwamba lilifungwa miaka mitatu iliyopita, aliandika yeye mwenyewe lifungwe. Kisha akamwomba mkewe azime redio.

Aliniuliza mbao zimekaaje upande wa ng'ambo, nikamweleza yote, mbao na kabari na chupa ya maji. Akauliza zimelala upande gani. Nikasema kushoto. Akaweka viganja juu ya magoti, na mkewe akaacha alichokuwa akifanya akaja kusimama nyuma yake. Baadaye akasema kabari hainyanyui daraja. Zilizoshuka si mbao. Ni lile pande la zege lililofukiwa mwambani ng'ambo, ambalo kamba zote zimefungwa hapo, linatoka. Yeye alipolipima, kati ya zege na mwamba palipita vidole viwili. Kama mbao zimeshuka kiganja, basi leo hapo panapita ngumi. Akasema mtu mmoja mmoja, wageni kumi, kumi na tano, daraja linaweza kuwavumilia mwaka na zaidi, na hakuna atakayejua kitu. Watu mia mbili wakiruka kwa pamoja haliwavumilii. Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuomba maji ya kunywa.

Halafu akaniuliza kama ripoti yake haikumfikia Mkurugenzi. Nikamjibu kwamba nitafuatilia. Hilo ndilo jibu letu la ofisini kwa kila kitu, hata kwa msiba. Nikatoka nje, na hapohapo kizingitini kwake ndipo nilipokupigia simu.

Jana asubuhi niliingia kwa Mkurugenzi na ripoti mkononi. Niliipataje, nitakueleza mbele. Alifunga mlango akaisoma amesimama, kurasa zote mbili, akauliza nani mwingine ameiona. Nikamjibu, kisha nikamwambia na jambo jingine ambalo pia nitakueleza. Hapo akakaa. Laiti angenifokea. Aliongea taratibu, akaniambia mgeni rasmi amekwisha thibitisha na shule zimekwisha lipiwa magari. Akasema cheti ni halali, na chini ya cheti kuna sahihi yake yeye pia, kwa hiyo mtu akikigusa tunaanguka wote. Akaniuliza nina ugomvi gani na kwetu, maana nimeulilia mkoa huo miaka nenda rudi, na leo umepewa nautemea mate. Mwisho akasema daraja lililosimama miaka mitatu litasimama na asubuhi moja zaidi.

Nilimtazama nikaona anaamini, au amekwisha amua kuamini. Akaitia ripoti kwenye mkoba wake, akaufunga, akanipa fomu ya likizo iliyokwisha jazwa jina langu. Niliporudi chumbani kwetu Bibi Mihuri alikuwa amesimama karibu na droo yangu, akaniomba funguo bila kuniangalia usoni. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa naogopa, Kaka, na bado naogopa. Kila mtoto niliyepishana naye njiani akiwa na mkoba mgongoni nilimwona ndani ya fulana ya njano.

Sasa nimefika penye neno lenyewe, na nimeliandika mara mbili nikachana karatasi.

Ripoti ya Mzee Nyundo ilifika. Ilifika mikononi mwangu. Aliileta mwenyewe, akipapasa ukuta wa korido maana jicho la kwanza lilikuwa limekwisha zima, akaniambia ni ya haraka. Niliisoma siku hiyohiyo, na nilielewa kila mstari. Daraja lifungwe siku inayofuata, lisifunguliwe hadi zege la ng'ambo lichimbuliwe na kujengwa upya. Nilielewa pia kilichokuwa kinafuata. Daraja likifungwa, wageni wenu wangekwisha. Jicho la pili likizima, jina lake lingefutwa, mngebaki wanne, na ndani ya mwaka kituo kisingekuwepo. Nilikuona wewe bila kazi, na Mama chini ya paa lako, na binti yako ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa. Nikaifungia ripoti kwenye droo yangu, chini ya majedwali ya zamani, nikijiambia ni kwa muda tu, hadi mgawanyo wa mwaka ujao, nitatafuta fungu la kujenga zege na mambo yatakwisha kimyakimya.

Fungu halikupatikana. Nililiomba mara moja, nikaambiwa mkoa wenu hauna wageni wa kutosha, na sikuthubutu kusema ni la nini. Jina la Mzee sikulifuta. Na cheti kilipohitajika nilichukua cha mwaka uliotangulia, nikanakili maneno yote, nikabadilisha tarehe, nikaiga sahihi yake. Bibi Mihuri aligonga muhuri bila kusoma, kama anavyogonga vyote, na Mkurugenzi akasaini chini yake. Nimefanya hivyo mara tatu. Hicho kilichoko kwenye fremu, unachokipangusa vumbi kwa shati lako, nilikiandika mimi mezani kwangu nikinywa chai. Hakuna aliyelikagua daraja hilo kwa miaka mitatu. Wote waliovuka, na wewe ukiwemo, na mtoto wako kila siku ya kazi, mmevuka juu ya mwandiko wangu.

Sitakubebesha mzigo kwa kusema nilifanya kwa ajili yako. Hukuniomba, na ungejua ungenizaba kofi. Mwanzo ilikuwa huruma, lakini mwaka wa pili haikuwa huruma tena, ilikuwa woga wa kuumbuka, na mwaka wa tatu ilikuwa mazoea. Kuna hotuba ya Mkurugenzi ya mwaka jana niliyomwandikia mimi, nikatia humo ule msemo wa asiyeziba ufa, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Nilipiga na mimi. Huo ndio uso niliokuwa nao, Kaka. Najichukia, na nakuomba radhi nikijua radhi haitoshi.

Nakujua vilevile. Ukifika hapa akili yako imekwisha ondoka darajani, inatafuta namna ya kuniokoa. Utataka kulifunga kwa kisingizio kingine, useme mbao zimeoza au nyuki wameingia, halafu barua hii uitie jikoni iungue. Nakusihi usifanye hivyo. Mbao watazileta mpya kesho yake, nyuki watawafukuza kwa moshi, na Mkurugenzi atasimama langoni akikielekezea kidole kile cheti, na wewe ni mkuu wa kituo tu, utatoka njiani. Kisingizio chochote watakishinda kwa cheti. Wasichoweza kukishinda ni aliyekiandika kusema ni cha uongo. Kwa hiyo kishushe ukutani, uisome barua hii kwa sauti mbele ya mgeni rasmi na walimu na wazazi. Soma na cheo changu. Jina langu kamili nimeliandika nyuma ya bahasha.

Anayekukabidhi barua hii ni Mzee Nyundo mwenyewe, na mkewe anayemshika mkono. Leo alfajiri nilikwenda kwake nikamweleza yote, pamoja na droo. Hakunitukana. Aliutoa mkono wake katika mkono wangu, akamwambia mkewe amtafutie viatu vya safari. Tangu hapo hajanisemesha, ila mara moja tu, aliposema kwamba ripoti waliyoichukua iko kichwani mwake neno kwa neno na atamsomea yeyote atakayetaka kuisikia. Tumekaa benchi moja hapa stendi, mkewe katikati yetu, na nadhani anasikia kalamu inavyokwenda. Amebeba nyundo yake. Mkewe ameninong'oneza kwamba nia yake ni kuvuka hadi ng'ambo akagonge kamba, asikie mwenyewe. Usimruhusu akanyage hata ubao wa kwanza. Ni mbishi, atakuambia ameanza kazi hiyo kabla hujaota ndevu. Mpe kiti, umkalishe, na umwambie mlinzi asimwache hata akienda haja.

Gari linaondoka saa kumi. Likienda vizuri watafika kwako kesho jioni. Wiki iliyopita gari hilihili lililala njiani siku nzima, na nimemwona fundi yuko chini yake sasa hivi na taa, utingo anamwambia afanye haraka. Ndilo pekee linalokuja huko kabla ya Jumamosi. Ningekuja nalo mwenyewe, lakini nikitoka hapa nakwenda kituo cha polisi kuandikisha maneno haya haya, ili wakikutilia shaka wewe wanikute mimi nimekwisha sema. Sijui watanisikiliza leo, au wataniambia watafuatilia.

Binti yako mwambie shangazi yake anamwomba Jumamosi asitoke nyumbani. Akikataa, na atakataa kwa sababu fulana amekwisha ipiga pasi, mfungie mlango kwa ufunguo, atanuna wiki moja kisha atasamehe. Lakini usimfungie yeye tu ukadhani umemaliza, maana wale mia mbili nao wana baba zao.

Na kama gari limeharibika, na barua hii umeipata baada ya saa nne ya Jumamosi, usinifiche hata hapo. Ichukue kama ilivyo uwapelekee wazazi wa wale watoto. Usiwape kipande cha mwisho tu. Wasomee tangu salamu, hata pale ninapomtania Mama, wajue kwamba aliyewafanyia hivi hakuwa shetani wa kutoka mbali. Alikuwa mtu wa nyumbani mwenye kaka anayempenda. Na kama binti yako alikuwa pale katikati, basi wewe, Kaka, sina neno la kukuandikia, na hutakiwi kunijibu.

Nisalimie Wifi na wadogo wote. Shikamoo yangu kwa Mama, na umsomee wewe mwenyewe kabla watu hawajamfikishia. Mzee anainuka, wanaita abiria. Nakunja karatasi.

Ni mimi mdogo wako,
Afisa Mgawanyo wa Watumishi,
Makao Makuu